Ugali wa Ajenda ya Saba

Eufrasia Ndunguru akisema "sawa" mara moja, mumewe hulala fofofo. Akisema "sawa" mara mbili, mumewe huanza kujikagua amekosea wapi. Alhamisi ile jioni, miguu juu ya kochi baada ya zamu, simu mkononi, Eufrasia alisema "sawa" mara tatu, tena kwa sauti ya chini, na Thadei akazima televisheni bila kuombwa. Mechi yenyewe ilikuwa haijaisha.

"Kuna nini, Mama Ima?"

"Hakuna kitu. Nimeshauri kwenye grupu kwamba mwaka huu tupike pilau. Mwenyekiti wenu kajibu kwamba mkutano wa Wanaruvuma bila ugali si mkutano, ni harusi. Wanaume wote wamemwekea vicheko. Na wewe umo."

Thadei akakohoa. "Mimi kidole kiliteleza."

"Sawa," akasema Eufrasia. Hiyo ikawa ya nne.

Sasa, ili uelewe pilau ilikuwa imekosea nini, lazima uujue kwanza Umoja wa Wanaruvuma wa London. Hukutana mara moja kwa mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, kwenye ukumbi wa kanisa pale Hayes. Watu wanatoka Tooting, wanatoka Kingsbury, wengine wanaunganisha basi na treni na basi tena na mvua juu yake, na usidanganyike kwamba wamefuata hotuba. Wamefuata ugali. Ugali wa sembe, samaki mbasa aliyesafiri ndani ya sanduku la mtu kutoka Ziwa Nyasa, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Mtu mzima unamwona anafumba macho kwa lile tonge la kwanza.

Pilau unaweza kuipika asubuhi, ukaifunika, ukaenda zako. Ugali hautaki dharau hiyo. Ugali unasongwa watu wakiwa wanakaribia kunawa mikono, na kuusonga wa ukumbi mzima, kwenye masufuria matatu makubwa, kunataka kila mwanamke mwenye mabega. Kwa hiyo saa ya mwisho ya mkutano wanawake wote wako jikoni. Na saa ya mwisho ya mkutano ndiyo ajenda ya saba, na ajenda ya saba ndiyo mambo yote: Mradi wa Maendeleo, yaani mwaka huu tupeleke nini nyumbani. Ukumbi unatakiwa kurudishwa saa kumi na mbili kamili, Douglas mshika funguo anasimama mlangoni akizichezesha, hakuna nafasi ya kula kwanza wala ya kuchagua baadaye. Hakuna aliyekaa akapanga hila. Ilitokea tu hivyo mwaka wa kwanza, ikazoeleka.

Matokeo yake nenda kayaangalie kwenye kata ya Lihongwe. Uwanja wa mpira wa Lihongwe umepata uzio. Mwaka uliofuata ukapata magoli ya chuma na nyavu. Mwaka uliofuata tena, jezi seti mbili, za nyumbani na za ugenini, ingawa timu ile haijawahi kwenda ugenini mbali zaidi ya ng'ambo ya mto. Mwaka huu uwanja ulikuwa unatafutiwa jukwaa lenye paa, na jina la Umoja liandikwe mbele kwa rangi ya bluu.

Eufrasia alitaka bweni la wasichana. Sekondari ya Lihongwe haina bweni, na wasichana wanaotoka mbali hupanga vyumba mtaani, mageto wanayaita, wanajipikia, wanajilinda, wanasoma kama nafasi ipo. Yeye na mdogo wake Skolastika walikaa kwenye geto la namna hiyo. Eufrasia alimaliza, akaenda kidato cha tano, akafika hadi huku, na leo ni msimamizi wa zamu kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, akisema lori lirudi nyuma, linarudi. Skola aliishia kidato cha pili, kwa sababu ambayo Eufrasia hajawahi kuitaja mbele za watu. Miaka mitatu mfululizo ameleta wazo la bweni, na miaka mitatu mfululizo amejibiwa, "Wazo zuri, dada, tumelipokea." Yaani lilipokewa likawekwa hukohuko lilikopokelewa.

Na mwaka huu haikuwa bweni tu. Mkoa ulikuwa umeitisha kikao cha maendeleo Songea, na walioko nje walipewa nafasi ya mtu mmoja asimame, aseme sisi tunaleta hiki na tunaomba serikali iongeze kile. Atakayesimama ni yule ambaye mradi wake utapita. Eufrasia aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Likipita jukwaa, atakwenda Godbless.

Godbless Temu ndiye mwenyekiti, na ni mtu wa Rombo. Naam, Rombo, Kilimanjaro. Ruvuma kaijulia kwa kuoa; mzaliwa wa Songea ni mkewe, Lilian. Lakini Godbless hukaa ukumbini, kura anayo. Lilian huwa jikoni, kura hana. Jamani, hebu niambieni, hapo Mwanaruvuma ni nani? Mwaka jana Lilian alichoka, akatoa kichwa kwenye lile dirisha la kupitishia sahani, akanyoosha mkono wake uliojaa unga kuunga mkono bweni. Mumewe akamtazama juu ya miwani. "Kwa mujibu wa utaratibu," akasema, "kura ni ya aliye ukumbini." Watu wakacheka, Lilian naye akacheka, akarudisha kichwa ndani. Kule ndani alisimama akiutazama mwiko muda mrefu. Eufrasia alimwona.

Ijumaa, wakati wa mapumziko kazini, Eufrasia alimmwagia yote Célestine. Célestine ni wa Bukavu, wanafanya naye kazi zamu moja, na kila mwaka huja kusaidia kusonga kwa sababu ana mikono ya kazi na anapenda kelele. Alisikiliza huku akitafuna, kisha akauliza polepole.

"Mimi niko nauliza tu, hein. Kila mwaka munafanyaka hivi? Banaume bako kule banachagua, ninyi bote muko mu jiko?"

"Kila mwaka."

"Na kama mukitoka bote kwenda kuchagua, ile bugali?"

"Itaungua."

"Itaungua ya nani?"

Eufrasia akaanza kucheka, akacheka mpaka dereva mmoja akachungulia kujua kuna nini.

Jioni ile alimpigia simu Skola. Skola anashona nguo kwake Lihongwe, na sauti ya cherehani ilisikika mpaka London.

"Skola, kesho nataka kuwaambia habari ya ule mlango. Utaona vibaya?"

Cherehani ikanyamaza. "Utawaambia na jina?"

"Nitasema mdogo wangu. Wengi wanakujua."

"Sema tu, dada," akasema Skola. "Ila usiwaambie nililia."

* * *

Jumamosi mvua ilinyesha toka asubuhi. Watu waliingia wakipangusa viatu, wakikumbatiana, wakiulizana habari za wazee, na kama kawaida mkutano ulioandikwa saa saba ulianza saa nane na ushee. Sala, kumbukumbu za mwaka jana, yatokanayo, salamu za rambirambi, pongezi kwa waliopata watoto. Jikoni wanawake walikaanga, wakaunga, wakatia chumvi, feni ya kufyonza moshi ikinguruma juu yao. Saa kumi na moja kasoro masufuria matatu yalikuwa motoni na uji umeanza kutokota, ule wakati ambao msongaji haruhusiwi hata kupiga chafya.

Godbless akaonekana dirishani, miwani imemkaa puani. Hakusikika, feni ile haikubali, lakini vidole vyake vilionyesha saba.

Eufrasia akaweka mwiko chini. "Akina mama, twendeni."

"Twende wapi?" akauliza Lilian.

"Kuchagua."

"Na ugali?"

"Ugali una wenyewe. Wako kule wanausubiri."

Lilian alimtazama, akatazama masufuria, akamtazama tena. Kisha uso ukamkunjuka wote. "Wee Eufrasia! Wee!" Akavuta kigoda, akakitia kwapani, na wengine wakafuata na aproni zao viunoni. Célestine, ambaye si mjumbe, alibaki mlangoni akiegemea fremu. Alisema filamu kama hii haiangaliwi kwa kukaa.

Ukumbini wajumbe wakageuza shingo. Wanawake walijipanga nyuma na pembeni, wenye vigoda wakakalia vigoda, wasio navyo wakasimama. Godbless akatabasamu tabasamu la mwenye shaka.

"Karibuni akina mama. Chakula tayari?"

"Bado, mwenyekiti. Kiko motoni."

"Nani anakiangalia?"

"Hakuna."

Kuna wanaume waliocheka, wakaacha.

"Sasa, dada Eufrasia..."

"Kwa mujibu wa utaratibu, shemeji, kura ni ya aliye ukumbini. Sisi tupo. Endelea, tusikucheleweshe."

Godbless akaangalia saa, akaangalia dirisha la jikoni, akaieleza hoja ya jukwaa mbio mbio kama anayekimbizwa. Paa, viti, rangi ya bluu, heshima kwa Umoja. Makofi yakapigwa. Kisha, "Dada, una dakika mbili za bweni lako. Mbili tu, tafadhali."

Eufrasia akasimama mbele. Alikuwa ameandaa maneno mazuri juu ya maendeleo ya taifa, alikuwa ameyarudia hata bafuni. Yote yakamponyoka. Akabaki na mlango.

"Chumba tulichopanga mimi na mdogo wangu Lihongwe kilikuwa na mlango wa bati," akasema. "Haukuwa na komeo. Tulikuwa tunaufunga kwa kamba ya katani, tunaifunga usiku, tunaifungua asubuhi. Mimi nikafaulu nikaenda kidato cha tano, Skola akabaki peke yake na ile kamba. Usiku mmoja mtu aliikata. Kisu kilipita pale kwenye upenyo, kikaanza kukata, na mtoto wa miaka kumi na tano amelala ndani anaangalia. Alipita dirishani, akakimbia mpaka kwa jirani. Mtu yule hakumpata. Lakini shule ilimpoteza, maana Skola hakurudi tena darasani, wala hakuna mtu aliyetumwa kwenda kuuliza yule msichana yuko wapi. Alikuwa wa kwanza kwenye hesabu, mnasikia? Wa kwanza. Kunizidi mimi."

Harufu ilianza hapo. Kidogo tu, ile ya uji unaposhika chini.

"Mnasema kila mwaka kwamba tunajenga taifa. Mimi naamini. Lakini taifa gani linajengwa na watazamaji wa mpira peke yao? Wasichana wa Lihongwe ni nusu ya Lihongwe. Kuna madaktari mle, kuna wahandisi, kuna wabunge, na sasa hivi ninavyoongea wanatafuta kamba ya kufungia mlango. Uwanja ule una uzio, wapendwa. Mpira unalala salama kuliko wao."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa Tooting aliyekaa mstari wa mbele alikuwa ameinamisha kichwa, na ilikuwa vigumu kujua kama ni huzuni au ni pua, maana harufu sasa ilikuwa imeingia waziwazi. Wanaume wakaanza kuhangaika vitini. Unaweza kumnyima Mwanaruvuma mambo mengi, lakini kumkalisha ugali ukiungua huku anasikia harufu, hapana.

"Mwenyekiti," akasema yule mzee akiinuka, "mimi siwezi. Mimi nakwenda kuusonga."

"Mzee, ukitoka unapoteza kura!"

"Na nikikaa tunapoteza ugali!" Akaondoka. Wawili wakamfuata. Halafu watano. Halafu mstari mzima wa vijana wa Kingsbury, wakisukumana mlangoni, Célestine akiwapisha kwa adabu zote.

"Wajumbe, rudini! Akidi! Akidi!" Godbless alikuwa amesimama mikono juu. Wingi wake ulikuwa unaingia jikoni mbele ya macho yake, kwa utaratibu alioutunga mwenyewe.

Eufrasia alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu. Thadei alikuwa mstari wa tatu. Amemwoa miaka ishirini na miwili, na habari ya kamba alikuwa ameisikia leo pamoja na watu wengine. Akasimama, akavuta suruali juu kidogo kama afanyavyo akitaka kusema jambo, kisha akageuka na kwenda jikoni na wenzake. Hakumtazama mkewe.

Eufrasia aliumia. Hakutaka kujidanganya, aliumia kweli. Mwaka jana Thadei alinyoosha mkono kwa ajili ya jezi, na ndani ya gari akajitetea kwamba Godbless alimkazia macho. Leo hata hilo hakulingoja. Amekimbilia kwenye sufuria asije akachagua.

Lilian akamrukia na kumng'ang'ania mkono. "Dada, angalia! Angalia ukumbi! Tumebaki sisi na wanaume wachache tu. Waambie wapige kura sasa hivi, kabla ugali haujaiva!"

Ilikuwa kweli. Ukumbi ulikuwa wa wanawake. Bweni lilikuwa limepita, Songea ilikuwa yake, kilichobaki ni kunyoosha mikono. Godbless alikuwa ameketi, ameishiwa, anapangusa miwani. "Kwa mujibu wa utaratibu," akasema kwa unyonge, "walioko ukumbini..."

Eufrasia akageuka kulitazama lile dirisha. Ndani yake aliona migongo ya wanaume, mvuke, na mkono wa mtu umejaa unga mpaka kiwikoni. Akakumbuka mkono mwingine uliokuwa na unga, mwaka jana, kwenye dirisha hilohilo, na vile watu walivyocheka.

"Ngoja, mwenyekiti," akasema. "Walioko jikoni nao wahesabiwe."

"Umerogwa?" Lilian akamfinya. "Ukiwahesabu wale wanatuzidi!"

"Wanatuzidi kidogo, najua."

"Sasa?"

"Sasa mwaka jana walikufanyia wewe hivihivi, mdogo wangu, na nilikuona uso wako. Sitaki bweni la watoto wa kike lijengwe kwa mchezo uleule. Nataka waseme ndiyo. Wakisema hapana, nitarudi mwakani. Lakini aliyeko jikoni ni mjumbe. Kuanzia leo. Liandikwe."

Godbless alivaa miwani, akamtazama muda. Kisha akamtazama Lilian, muda mrefu zaidi. "Liandikwe," akasema. Akaenda mwenyewe mpaka dirishani, akapayuka, "Wajumbe wa jikoni! Kura!"

"Nini?" ikajibu jikoni.

"Kura!"

"Hatusikii!"

Mtu akazima feni. Kichwa cha Thadei kikatokea dirishani, jasho linamtiririka, aproni ya maua ya Lilian kifuani. Hakumsemesha mwenyekiti. Aliuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, akiwatazama wanawake.

"Kumbe huku hakusikiki kitu? Hata neno moja? Miaka yote hii mlikuwa mnasikia nini?"

"Feni," akajibu Lilian.

Wanawake wakaangua kicheko. Thadei hakucheka. Alirudisha kichwa ndani, wakamsikia anawaambia wenzake jambo, na mzee wa Tooting akaguna.

"Wanaotaka jukwaa," akaita Godbless.

Ikanyooshwa mikono ukumbini, ya wale wachache waliobaki vitini. Dirishani ikatoka mikono miwili, mitatu, wa nne ukatoka ukasita ukarudi ndani. Godbless akangoja kidogo, hakukuja mwingine.

"Wanaotaka bweni."

Mikono ya wanawake ikapaa yote kwa pamoja. Eufrasia hakuihesabu, macho yake yalikuwa dirishani, na dirishani palikuwa patupu. Hesabu ya kichwani ilimwambia wanawake peke yao hawatoshi.

Ndipo ukatoka mwiko. Mwiko mrefu, umeshikwa wima, kipande cha ugali kikining'inia nchani, na nyuma yake mkono wa Thadei. Ukatoka mkono mwingine wenye unga. Ukatoka wa mzee wa Tooting, ameshika kijiko cha mchuzi. Ikatoka ya vijana wa Kingsbury, imebanana mpaka wengine wakawa wanapenyeza vidole tu, na mmoja wao akafoka, "Na wangu hesabuni, nimebanwa!"

Ukumbi ulilipuka. Célestine alipiga vigelegele vya Bukavu ambavyo Douglas, kule mlangoni, alivisikia akadondosha funguo.

"Mwenyekiti naye?" akauliza Lilian kwa sauti tamu, mikono kiunoni.

"Mwenyekiti huwa hapigi kura," akasema Godbless, "isipokuwa..." Akatazama huku, akatazama huku. Akanyoosha mkono kwa ajili ya bweni, na kwa mkono wa pili akaomba ukimya, ambao hakuupata.

Ugali ule, nisiseme uongo, ulikuwa na madonge, na chini uliungua, na sufuria la tatu lilikuwa baina ya ugali na uji, halijaamua. Lakini mwaka ule wanawake walikaa. Walikaa meza kuu, wakaletewa maji ya kunawa, wakaletewa samaki, na wanaume waliwasimamia wakiuliza kama umeiva. "Umeiva, umeiva," wakasema, wakimeza madonge kwa furaha. Godbless alimpakulia mkewe vipande viwili vya mbasa, akaulizwa mbona hakuleta pilipili, akaenda kuileta.

Thadei alikuja kukaa karibu na Eufrasia ukumbi ulipoanza kupungua. Alinuka moshi.

"Hukuniambia habari ya Skola."

"Sikumwambia mtu."

"Mimi si mtu," akasema Thadei. "Niliinuka kwa sababu nilishindwa kukaa, Mama Ima. Nilisikia kama nimekalia moto. Nikasema ngoja nikasonge, angalau hilo naliweza."

"Huliweziii," akasema Eufrasia, akacheka huku machozi yanamtoka, akaegemea bega lake lenye unga.

Walimpigia Skola wakiwa ndani ya gari, mvua ikigonga kioo. Huko Lihongwe walikuwa wameshakula. Eufrasia alimsimulia yote kwa mpigo: ugali, mzee wa Tooting, mwiko, Godbless. Skola alicheka mpaka akakohoa. Kisha Eufrasia akamwambia limepita, bweni limepita, na anakuja Songea kulisemea mbele ya mkoa mzima, na binti yake Skola aliye darasa la saba atakuwa wa kwanza kulala mle.

Eufrasia akadhani mtandao umekata.

"Skola? Upo?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo. "Dada, hilo bweni litakuwa na mlango wa namna gani?"

"Wa mbao. Mzito. Tutaweka na komeo la ndani."

"Hilo komeo," akasema Skola, "msilinunue huko. Waambie hao watu wako hivyo. Komeo nitanunua mimi."